Usukani bubu haununuliwi, hata ukiwa mpya kwenye boksi

Jumatano, saa sita kasoro usiku.

Najua nimepotea kama wiki mbili hivi, testi zilinibana kila upande. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira. Sio hasira za mapenzi, wala sio za bumu kuchelewa. Ni hasira za usukani. Ndiyo, usukani wa gemu. Cheka kwanza, ukimaliza endelea kusoma.

Kwa wasiojua kisa: sisi watu nane wa korido yetu tumechanga. Elfu hamsini kila kichwa, jumla laki nne, zipo kwenye simu ya mweka hazina tangu Ijumaa iliyopita. Lengo ni kununua usukani wetu wa kwanza wa gemu za magari, ukae chumbani kwetu, ufungwe kwenye ile kompyuta ya mezani ya mshkaji wangu wa uhandisi. Wazo zuri, nani atakataa? Tatizo limeanza pale tulipoulizana: tunanunua usukani gani? Hapo ndo urafiki umeanza kuyumba. Jumamosi hii tunapiga kura, na kwa upepo unavyovuma naona tunakwenda kuzitupa hizo hela jalalani. Ndo maana naandika.

Kuna kambi mbili. Ya kwanza naiita kambi ya maboksi. Hao wameuona Kariakoo usukani mpya kabisa, boksi linang'aa, lina picha ya gari jekundu linatoa moto, bei elfu tisini na tano. Hesabu zao nyie! Eti kwa laki nne tunapata sukani nne na chenji inabaki, kila watu wawili usukani wao. Kambi ya pili ni kambi ya YouTube. Hao wanasema usukani ambao sio dairekti draivu ni takataka, kwa hiyo tusubiri, tuchange tena muhula ujao, na ujao wake, mpaka tufikishe hela ya mashine ya maana.

Mimi sipo huko wala huko. Mimi nataka G27 ya mtumba. Kuna jamaa Sinza anayo, Logitech, ina umri wa zaidi ya miaka kumi, ngozi imechubuka pale mikono inaposhika, hana boksi, anataka laki tatu na sitini. Nilipoitaja watu walicheka mpaka wa chumba cha pili wakagonga ukuta.

Nianze na aibu yangu mwenyewe ili msinione najifanya mjuaji. Mwaka wa kwanza, bumu la kwanza kabisa kuingia, nilipanda daladala mpaka Kariakoo, duka moja ambalo silitaji. Muuzaji akaniambia, "Braza, hii ndo yenyewe, inatetemeka kama gari kweli." Nikatoa elfu themanini. Wiki tatu zilizofuata nilikula chapati na chai ya rangi, na mama akipiga simu namwambia niko vizuri, nakula vizuri. Ule usukani niliucheza siku nne. Leo upo chini ya kitanda changu, na umewahi kutumika kuanikia taulo. Kwa hiyo nikisema usinunue, sijaambiwa na mtu. Nimelipia hayo maarifa.

Sasa kwa nini nauita bubu? Sikilizeni, maana hapa ndo penye ugomvi wote.

Ndani ya zile sukani za bei chee kuna springi, au mpira unaovutika. Kazi yake ni moja tu, kurudisha usukani katikati. Ukiwa umesimama unavuta. Ukiwa spidi 40 unavuta vilevile. Ukiwa spidi 200 kwenye kona, matairi yameshaachia barabara na gari inaelekea ukutani, unavuta vilevile tu! Haujui chochote kinachoendelea kule kwenye gemu. Ule mtetemo aliousifia muuzaji ni kamota kadogo kama ka kwenye simu, kanapiga "vruuu" ukigonga ukuta. Asante sana, nimeshaona kwamba nimegonga ukuta.

Usukani unaojibu, ambao kwenye maboksi wanauita fosi fidibaki, ni kitu kingine kabisa. Ndani una mota ya kweli. Gemu inapiga hesabu ya nguvu zilizopo kwenye matairi ya mbele, inaituma kwenye mota, na mota inasukuma mikono yako. Ukiingia kona unahisi uzito unaongezeka. Ukizidisha, matairi ya mbele yakianza kuteleza, ule uzito unapungua ghafla, usukani unakuwa mwepesi mkononi kama umekatika. Hiyo ndo taarifa! Gari inakwambia "punguza, nimeshindwa" kabla macho yako hayajaona kitu. Na mkia wa gari ukitoka, usukani wenyewe unaanza kujizungusha kuelekea upande ambao gari inateleza, kama gari halisi inavyofanya. Kazi yako ni kuufuata, sio kubishana nao.

Jumapili nilikwenda Sinza kwa yule jamaa kuijaribu. Akaniwekea Assetto Corsa, ile ya 2014 ambayo hata kompyuta ya kawaida inaiweza, uwanja wa Monza, gari ka-Fiat Abarth 500. Kagari ka mkokoteni tu. Kile kiwanja kinamalizika na kona moja ndefu ya kulia inaitwa Parabolica. Raundi ya kwanza nikaingia na kiherehere, katikati ya kona nikahisi usukani umelegea, nikashangaa, sekunde ile ile nikawa kwenye mchanga. Raundi ya tatu ulipolegea nikaachia mafuta kidogo, uzito ukarudi mkononi, gari ikakata kona. Wadau, nilipiga kelele peke yangu! Na usukani wangu wa springi sikuwahi kuelewa kwa nini natoka nje pale. Nilidhani mimi ni mzembe. Kumbe nilikuwa naendesha huku nimefungwa kitambaa usoni.

Halafu kuna suala la mzunguko. G27 inazunguka nyuzi 900, yaani raundi mbili na nusu kutoka mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kulia, kama magari mengi ya barabarani. Usukani wangu bubu unazunguka nyuzi 270, yaani robo tatu ya raundi basi. Ukiugusa kidogo gari inaruka. Jaribu kurudisha nyuma lori lenye tela kwenye Euro Truck Simulator 2 kwa mzunguko huo, uone tela litakavyokutukana.

Najua kambi ya maboksi mtasema nini, maana mmeshasema: "Sisi ni wanafunzi, tuanze na kidogo, tukizoea tutapanda." Inasikika kama busara. Sio busara. Ukitaka kuanza na kidogo, kidogo chako unacho tayari: pedi! Pedi ni ya uaminifu kuliko usukani bubu. Waliotengeneza gemu wanajua kidole gumba hakiwezi kuwa na utulivu wa mikono miwili, kwa hiyo gemu nyingi zinakulainishia usukani kimyakimya ukitumia pedi. Ukichomeka usukani wa springi unapoteza ule msaada na haupati taarifa yoyote badala yake. Ndo maana mimi na elfu themanini zangu nilikuwa natembea taratibu kuliko mtu mwenye pedi ya elfu kumi na tano. Mwenye usukani bubu hapandi ngazi yoyote, anaacha mchezo akidhani mchezo ndo mbaya. Na sukani nne za bubu sio usukani mmoja mara nne. Ni sifuri mara nne, kapigeni hesabu.

Tena mmesahau miguu kabisa, watu wa maboksi. Mnabishana duara la juu wakati muda mwingi unapotea au kupatikana kwenye breki. Pedali za usukani wangu ni kama swichi ya taa: imewaka, imezima. Gari inafunga matairi kila kona. Pedali za G27 ni tatu, mafuta, breki, klachi, na mguu unaweza kukanyaga breki robo, nusu, robo tatu, na gari ikaelewa tofauti. Na ina gia ya mkono, sita na rivasi, unaifunga upande unaotaka. Sisi tunaoendeshea kulia tunaiweka kushoto kama kwenye daladala. G29 iliyoifuata mwaka 2015 ukitaka gia ya mkono unainunua pembeni.

Haya, kambi ya YouTube, msifurahi, zamu yenu. Sibishi kwamba dairekti draivu ni nzuri zaidi. Mota imeunganishwa moja kwa moja na usukani, hakuna meno wala mkanda katikati, taarifa inakuja safi. Lakini semeni bei yote. Fanatec CSL DD ilipotoka 2021, ile dola 350 iliyowafanya watu washangilie ilikuwa ya mota peke yake. Duara la kushika unanunua, pedali unanunua. Halafu unaifunga wapi? Mota ile inatoa nyutoni mita 5, wakati G27 na G29 ziko kwenye mbili na kitu. Nyie mnaijua meza yetu. Meza ya chipubodi, mguu mmoja umewekewa kadi ya simu iliyokunjwa isicheze. Ukiifunga mashine ile pale, kona ya kwanza tu meza inageuka badala ya gari! Mashine ya namna hiyo inataka fremu ya chuma, na fremu inataka chumba, na chumba chetu kina vitanda viwili vya deka na ndoo sita.

Lakini kosa lenu kubwa sio hilo. Kosa lenu ni neno "tusubiri". Tusubiri mpaka lini? Watatu kati yetu wanamaliza mwaka huu. Mnawaambia wachange kitu watakachokiona kwenye picha za WhatsApp wakiwa mtaani wanatafuta kazi? Aliyezoea G27 kwa mwaka mmoja, siku akishika hiyo ya bei mbaya atajua analipia nini. Ambaye hajashika chochote anarudia tu maneno ya mtu wa kwenye video.

Sasa hoja ambayo ni ya kweli, na siikwepi: mtumba ni mtumba, unaweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Sawa. Ndo maana gunia linafunguliwa kwanza. Nilichofanya Sinza mtu yeyote anaweza kufanya. Kwanza angalia waya. Usukani wenye mota ya kweli una adapta yake ya kuchomeka ukutani. Ukiona una waya wa USB peke yake na unauzwa bei ya mboga, huyo ni bubu. Pili, chomeka umeme na USB, uache mikono. Lazima ujizungushe wenyewe mwisho mpaka mwisho kisha urudi katikati. Usipofanya hivyo, aga kwa heshima uondoke. Tatu, usijaribu dakika mbili ukalipa. Ugonjwa unaojulikana wa G25 na G27 ni kale kadude ka plastiki kwenye mota kanakosoma mzunguko, kakipasuka katikati inahama taratibu ukiwa unacheza. Mimi nilicheza nusu saa nzima mpaka jamaa akaniuliza kama nalala pale. Katikati haikuhama.

Nne, kanyaga pedali moja moja, polepole, huku unaangalia kipimo kwenye skrini. Kikipanda kwa utulivu, safi. Kikirukaruka kama panzi, ni vumbi kwenye kile kifaa cha ndani, ndugu yake na kile cha kuongezea sauti kwenye redio za zamani. Hicho kinasafishwa na spreyi wanayotumia mafundi redio. Breki ya yule jamaa inaruka kidogo. Nimemwonyesha, na ndo maana alianzia laki nne na ishirini akashuka mpaka tatu na sitini. Inabaki elfu arobaini: spreyi, na ubao wa kuzuia pedali zisiteleze kwenye sakafu. Maana hilo nalo hamlijui, ukikanyaga breki kwa nguvu pedali zinakimbia mbele na kiti chenye magurudumu kinakimbia nyuma. Tutatumia kiti cha plastiki, na ubao utaegemea ukuta. Kwa wanaolalamika meno ya Logitech yana kelele, ni kweli, yanakwaruza. Tutacheza mwisho saa nne usiku, kama binadamu wenye majirani.

Na kwa mnaosoma hapa mnaotaka kununua wa kwenu, kabla ya rangi, kabla ya bei, ulizeni kwanza unaingia kwenye mashine gani. G27 inatufaa sisi kwa sababu tuna kompyuta. Mwenye PlayStation 4 au 5 asiiguse, atafute G29. Mwenye Xbox ni G920. G923 ya 2020 nayo ina matoleo mawili, moja la PlayStation na moja la Xbox, yote yanaingia kompyuta. Thrustmaster ni hivyohivyo, T150 ni ya PlayStation, TMX ya Xbox. Zinafanana kama mapacha lakini ukikosea pacha umelia. Na kama gemu zako ni zile za kukimbizana na polisi na kurusha gari juu ya daraja, usinunue usukani kabisa. Baki na pedi, hela kanunue viatu.

Niseme ukweli mwingine msije mkanilaumu baadaye. Wiki ya kwanza wote tutakuwa wabovu kuliko tulivyokuwa na pedi. Mimi Sinza nilitoka nje ya barabara mara kumi na moja. Lakini kila nilipotoka nilijua kwa nini, na hicho ndo nilichokuwa nakitafuta.

Kuna mheshimiwa mmoja wa sheria, jirani yetu, anasema watu wazima tunachangia midoli. Kaka, Jann Mardenborough alishinda shindano la GT Academy mwaka 2011, shindano la kuchagua dereva kwa kucheza Gran Turismo, na 2013 alikuwa anaendesha Le Mans yenyewe, wamemtengenezea mpaka filamu. Lakini sitajificha nyuma yake, maana sisi hatuendi Le Mans. Sababu yetu ni ndogo zaidi. Kati yetu nane hakuna mwenye gari. Watano hatuna leseni. Kuna wenzetu humu ambao usukani huu utakuwa wa kwanza kuushika maishani, na klachi ya kwanza kuikanyaga. Basi angalau uwe usukani unaosema ukweli!

Na sasa niseme kilichoninyima usingizi. Kuna dogo wa mwaka wa kwanza kwenye mchango wetu. Hasemi sana, kwenye kikao alikaa mwisho kabisa karibu na mlango. Jana nimemkuta kantini anakula wali na mchuzi mtupu, bila nyama, bila maharage. Nikamuuliza, "Vipi dogo, mfungo?" Akacheka, akasema, "Hapana kaka, si mchango." Elfu hamsini yake ilitoka pale kwenye sahani. Nilijiona mimi mwenyewe na chapati zangu za miaka miwili iliyopita. Huyo dogo Jumamosi hatabishana na mtu. Atanyoosha mkono wanaponyoosha wengi, na tukikosea hatatudai. Ndo maana sisi wenye midomo tunatakiwa tuwe na uhakika na tunachokisema. Humu ndani kati ya wote waliopayuka, aliyewahi kushika usukani wowote wa gemu kwa zaidi ya saa moja ni mimi na mshkaji wa uhandisi tu. Wengine wote mnabishana picha ya boksi na video.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Jumamosi kabla ya kura naleta usukani wangu bubu kutoka chini ya kitanda, nitaufuta vumbi. Jamaa wa Sinza amekubali kuja na G27 yake, tumlipie nauli tu. Tunafunga zote, uwanja uleule, gari lilelile, kila mtu raundi tano tano. Na anaanza dogo. Baada ya hapo pigeni kura mnavyotaka, hata mkichagua maboksi yenu manne nitanyamaza, na taulo zenu mtapata pa kuanika.

Haya, ngoja nilale, kesho nina kipindi saa moja asubuhi na yule mwalimu anayefunga mlango. Alamsiki.